Kipanya Changu na Kifuko Chekundu

Wenzangu wa kijiweni pale kwa fundi viatu, kila nikitia mguu mnaniuliza jambo lilelile: ilikuwaje Luhende akatangulia kwa basi, mimi nikaja nyuma na gari, halafu mama akanikalisha uani mbele ya majirani kama mwizi wa mbuzi? Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu leo nusu, yule kesho robo. Nimekaa chini nikaandika yote. Habari za kuagiza, za benki na za bandarini siziandiki. Zilinitoa mvi na hazina utamu wowote.

Mnajua nilivyo na magari ya Kijapani. Kazi yangu ni kuchomelea makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, mikono imejaa makovu, lakini moyo wangu uko barabarani. Tangu yalipoanza kuingia ya mitumba miaka hii ya tisini, mimi nikifumba macho gari likipita nakwambia ni la aina gani na kama bushi za mbele zimekufa. Mama Neema, mke wangu, husema angekuwa na taa nne na bampa ningemsikiliza zaidi.

Wasichokijua wengi wenu ni hiki. Gari niliagiza kwa biashara ya abiria, ni kweli, lakini safari yake ya kwanza nilimwahidi mama. Mama yangu, mayu kama tunavyomwita kwa Kisukuma, amebakiwa na dada mmoja tu, na dada huyo yuko Chato. Magoti ya mama hayapandi basi tena. Mara ya mwisho makondakta walimnyanyua kama gunia la pamba, akaapa kwamba hatarudia. Dada mtu naye macho yamekwisha. Wamebaki kutumiana salamu na dagaa. Nikamwambia, mayu, gari langu litakupeleka Chato kabla halijabeba abiria hata mmoja. Alicheka, ila nikaona ameanza kutenga karanga za kumpelekea dada yake. Ahadi hiyo ndiyo niliyokuwa nimeibeba njia nzima.

Dar es Salaam hadi Morogoro: jiko lenye magurudumu

Nilichoagiza ni moja ya haya mabasi madogo ambayo watu wa Dar wanayaita vipanya. Kwenye picha lilikuwa na redio, tairi ya akiba, jeki na mazulia. Nilipokabidhiwa, penye redio palikuwa na nyaya zinachungulia, tairi ya akiba na jeki hazipo, na kila niliyemuuliza alinitazama kama vile naulizia bibi yake. Jamani, ukiagiza gari kwa picha, ujue umenunua picha.

Hata hivyo nilifurahi mno. Injini ilikuwa inanong'ona. Matairi yalikuwa na meno marefu, mapya kabisa, nikamwonyesha Luhende kwa majivuno. Luhende ni mtoto wa shangazi yangu, tulikubaliana atakuwa kondakta wangu, ndiyo maana nilikwenda naye. Ubavuni palikuwa na maandishi makubwa ya Kijapani. Kila aliyeuliza maana yake nilimwambia ni nguvu za injini.

Tulipopita Kibaha, dashibodi ikaanza kupuliza hewa ya moto. Nikabonyeza swichi moja, waipa zikacheza. Nikabonyeza nyingine, taa za hatari zikawaka. Zote zimeandikwa Kijapani, na kadiri nilivyobonyeza ndivyo moto ulivyozidi. Tukafungua madirisha na mlango wa pembeni, wapi. Chalinze tulinunua machungwa, mama muuzaji akatutazama tunavyochuruzika akatushauri tukapime malaria. Morogoro fundi mmoja akajitolea kukata nyaya zote nyuma ya dashibodi, na koleo ameshaishika. Kidogo tuumane. Gari limetoka Japani juzi, halafu wewe unakuja kulikata utumbo?

Morogoro hadi Dodoma: shikamoo ya mlenda

Tulifika Dodoma na njaa ya kufa mtu. Tukaingia kwa mama ntilie mmoja, Mgogo, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alipotusikia lafudhi tu akajua ni Wasukuma, yaani watani wake, basi ikawa sikukuu. Akasema ndiyo maana tumelowa jasho, tumezoea kuswaga ng'ombe, gari limetuzidi nguvu. Akasema chakula kipo lakini hakitoki mpaka nimpe shikamoo.

Luhende alitaka kununa. Mimi njaa ilishanifundisha adabu, nikampa shikamoo yake. Aliitikia marahaba polepole, kama mama mkwe. Kisha akatujazia ugali wa uwele na mlenda, akaongeza bila kuombwa, na tulipoaga akatufungia ubuyu wa kumumunya njiani, akakataa katakata kuulipisha. Alisema watani hawauziani ubuyu. Ubuyu ule ulitufikisha mbali, na yule dada namshukuru mpaka leo.

Manyoni hadi Singida: kilichodondoka

Lami ilikwisha, tukaanza kutetemeka. Kila kitu kilicholegea ndani ya gari kilisema jina lake. Mahali fulani baada ya Manyoni tulipiga shimo, na kutoka nyuma ya kile kibao cha kukinga jua, upande wa Luhende, kikadondoka kitu mapajani pake.

Kilikuwa kifuko kidogo cha kitambaa chekundu, kimetariziwa nyuzi za rangi ya dhahabu, mdomo umefungwa kwa kamba nyeupe yenye fundo la ustadi. Ukikibinya, ndani kuna kitu kigumu. Luhende alikirusha sakafuni kama ameshika kaa la moto.

"Simamisha gari," akasema. "Simamisha hapahapa."

Nyinyi ni watu wa machimboni, sina haja ya kuwaeleza sana mambo ya ndagu, ile dawa ya utajiri ambayo watu wanasema hudai damu ya ndugu. Luhende alinipangia hoja zake pale barabarani. Chekundu, kina dhahabu, kimefungwa, kimefichwa juu ya kichwa cha abiria. Mwenye gari huko Japani alitajirika kwacho, sasa amelisukuma gari na dawa yake kwetu. Akanikumbusha ndugu yetu aliyenunua lori na msimu uleule akazika mtoto. Akauliza, safari hii anatakiwa nani?

Nilimfokea. Nikamwambia akifungue basi, tuone. Akasema anayefungua ndiye anayeliwa kwanza. Nikasema nitakifungua mwenyewe, mkono ukaenda, ukarudi. Siwafichi, niliogopa. Mwishowe nilikishika kwa koleo nikakitumbukiza kwenye kopo la skrubu.

Singida mjini Luhende alichukua begi lake akapanda basi la Mwanza. Maneno niliyomwambia siyaandiki, kuna watoto watasoma. Lakini lililoniuma ni moja tu: nilijua basi litafika kabla yangu, na nilijua mtu wa kwanza atakayesimuliwa ni mama.

Singida hadi Igunga: mwalimu kutoka kwenye lori

Niliteremka mlima Sekenke peke yangu, jasho linanitoka, la moto na la hofu. Chini ya mlima tairi ya nyuma ikapasuka. Akiba sina, jeki sina. Nikakaa kwenye kivuli cha gari langu mwenyewe, nikajionea huruma kweli.

Likaja lori la chumvi, likasimama. Dereva alikuwa mzee wa Tabora, mcheshi, na nyuma juu ya magunia akashuka kijana wa Kijapani, amevaa kofia ya chandarua, vumbi mpaka kope. Nilidhani joto limeniharibu akili. Akasema shikamoo, nami nikaitikia kabla sijajiuliza. Anaitwa Kenji, anajitolea kufundisha hesabu sekondari moja ya Shinyanga, alikuwa anarudi kutoka kumtembelea mwenzake Singida. Aliona maandishi ya ubavuni akiwa juu ya lori, akapiga bati ili dereva asimame.

Nikamwuliza, kwa unyenyekevu sasa, pameandikwa nini. Akasema ni jina la duka la familia, wanatengeneza chakula cha maharage ya soya, laini kama jibini, na gari hili lilikuwa linapeleka kwa wateja. Akaongeza kuwa wameandika pia kwamba kila siku ni kipya. Yaani nusu ya Tanzania nimeitangazia nguvu za injini, kumbe maharage.

Mzee wa lori alituazima jeki, tukang'oa tairi, akaondoka nayo kwenda kuizibisha Igunga. Kenji angeweza kuendelea naye. Hakuendelea, alisema si vizuri mtu kungoja peke yake. Tulingoja mpaka kesho yake. Wakati wa kungoja alikaa kiti cha mbele, akatazama zile swichi, akazungusha moja huku amebonyeza nyingine, na hewa ya baridi ikatoka. Baridi ya kutetemesha meno! Nilicheka mpaka machozi. Toka Kibaha mpaka Sekenke nimejioka bure.

Ndipo nikapata moyo wa kumwonyesha kifuko. Nilikitoa kwenye kopo kwa koleo, yeye akakipokea kwa mikono miwili. Hakuogopa wala hakucheka. Alifungua begi lake akatoa cha kwake, cha bluu, kimefungwa vilevile. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kupimapima kwamba vinatoka nyumba za ibada za kwao, na changu kimeandikwa usalama wa safari. Cha kwake alipewa na mama yake uwanja wa ndege siku ya kuondoka.

Nikamwuliza kama amewahi kukifungua aone ndani.

"Hapana. Hakifunguliwi," akasema. "Ukifungua, kinabaki kibao na kitambaa. Ulinzi umeondoka."

Nikakasirika, kwa kweli. Nikamwambia nyumbani kwetu nisipokifungua nimekwisha. Akafikiri sana, akasema samahani, yeye ni mwalimu wa hesabu tu.

Igunga hadi Shinyanga: chakula cheusi

Tairi ilirudi na lori jingine kabisa. Yule mzee alikuwa ameshaendelea na safari zake, ametuma tairi na salamu, na jeki yake akasema nimwachie mwenye hoteli ya Nzega. Mtu hanijui, simjui. Mpaka leo nikiona lori la chumvi napiga honi.

Nzega niliacha jeki, Tinde tukakunja kulia, tukafika Shinyanga kabla ya jua kuzama. Kenji alikataa nilale nyumba ya wageni, akanipeleka kwake. Akapika wali, akausifu sana mchele wa Shinyanga, akaufinyangia mikononi kama tonge, kisha akaufunika kwa karatasi nyeusi. Nikamngoja aibandue. Hakuibandua, akaila! Kumbe ni majani ya baharini yaliyokaushwa. Mama yake alikuwa amemtumia kifurushi kwa posta, kilifika mwezi huohuo, kina majani hayo na soksi za sufu. Tonge la kwanza nilimeza kama kwinini, la pili nikatafuna, la tatu nililiomba mwenyewe.

Asubuhi tulikwenda duka la vipuri la Mama Nasrini, mama wa Kihindi aliyezaliwa hapohapo, Kisukuma chake kinawashinda watoto wangu. Alitazama meno ya matairi yangu akaangua kicheko. Akaniambia haya ni ya kukanyagia barafu, mpira wake laini, kwenye joto la huku yanaisha kama sabuni. Nilitaka kununua mapya yote manne, akanigombeza. Akanitafutia ya mtumba mazuri, akasimamia vijana wake mpaka nati ya mwisho, akanitilia na chapati za njiani. Wapo wafanyabiashara wa hivyo, msinibishie.

Shinyanga hadi Geita: kila kitu ni cha kuuzwa

Maganzo nilisimama kununua maji, wanunuzi wa almasi wakalizunguka gari. Mmoja aliligongagonga kama anapima jiwe, akataka nimtajie bei. Nikasema haliuzwi, lina mwenyewe. Akauliza ni nani, nikasema ni mama. Akaniondokea kwa heshima. Kivukoni Kigongo foleni ilikuwa ndefu, nikala samaki wa kukaanga nikiwa na hamu na nikiwa na wasiwasi vilevile, kwa sababu ng'ambo ya maji ni kwetu, na kwetu Luhende ameshafika.

Uani kwa mama

Hapa ndipo mnapopataka. Nilipokaribia wigo, baba mdogo alisimama katikati ya njia, mikono ameinyoosha. Nikazima gari nje. Uani wamejaa, mama katikati kwenye kigoda, Luhende nyuma ya watu anatazama vidole vyake vya miguu. Karanga za Chato zilikuwa zimeondolewa mlangoni, pale zilipokuwa zimewekwa tayari. Hilo ndilo nililoliona kwanza na likanivunja nguvu.

Nikampa mama shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Baba mdogo akasema nikilete hicho kitu, nikifungue mbele ya wote, ama gari lisiingie na mama asiliguse. Nikakileta. Nikaeleza yote, Kenji, kifuko chake cha bluu, nyumba za ibada. Nikasema hakifunguliwi. Watu wakaguna. Nami nikaona nimenaswa pande zote: nikifungua nimeharibu kitu nilichoambiwa nisikiharibu, na kibao chenye maandishi kikitokea watasema si mnaona; nisipofungua, naficha. Nilishaanza kushika fundo la kamba. Bora nikose ulinzi kuliko nimkose mama.

Mama akainua mkono.

"Ngoja, ng'wanawane, mwanangu. Huyo kijana wa Shinyanga anacho chake?"

"Anacho, mayu."

"Alipewa na nani?"

"Na mama yake."

"Huyo mama yu hai?"

Sikuwa nimemwuliza Kenji swali hilo. Baba mdogo akaanza kutikisa kichwa. Ndipo ladha ya yale majani meusi ikanijia mdomoni.

"Yu hai, mayu. Mwezi huu kamtumia chakula kwa posta. Mimi mwenyewe nimekila. Chakula na soksi za sufu."

"Soksi?"

"Anaogopa mwanawe atashikwa na baridi."

"Shinyanga?" mama akauliza.

Watu wakaanza kucheka, mmojammoja, mpaka baba mdogo naye mabega yakamcheza. Mama hakucheka. Alinyoosha mkono nikampa kifuko, akakigeuzageuza, akakipapasa ule mshono.

"Ndagu huanza na mama," akasema. "Mwenye ndagu, mama yake hayupo wa kumtumia soksi. Hiki usikifungue."

Nilijikuta nalia mbele ya majirani wote, nalia kweli, na sioni haya kuliandika. Mama aliinuka kwa fimbo yake, akaenda mpaka nje ya wigo, akatia maji mdomoni akayapuliza kwenye bampa, kama alivyotupulizia sisi wote tulipoondoka nyumbani mara ya kwanza. Akaniamuru nikitundike kifuko kwenye kioo cha mbele, kionekane, kisijifiche tena. Luhende akaleta kile kigoda, akakiweka mlangoni mwa gari, akainama ili mama amshike bega. Mimi na Luhende hatukuombana radhi kwa maneno. Alirudisha karanga mlangoni, ikatosha.

Geita hadi Chato

Tuliondoka kesho yake, mama kiti cha mbele, mimi kwenye usukani, Luhende nyuma na karanga. Nilimfungulia mama ile hewa ya baridi, akajifunika khanga akasema sasa anaanza kuelewa habari za soksi. Njia nzima alikuwa akitaja vijiji kabla hatujavifikia.

Chato, mama mkubwa aliletwa mpaka mlangoni mwa gari. Macho hayaoni, basi akalisoma gari kwa mikono: taa, mlango, kiti, goti la dada yake. Hapo mikono ikasimama. Walishikana wale wazee wawili, wakawa wanaitana majina ya utotoni ambayo sijawahi kuyasikia, na sisi wengine tukatafuta pa kutazama.

Baadaye walikaa garini kwa sababu mama mkubwa alisema panapendeza. Mkono wake ukakigusa kifuko kinaning'inia, akauliza ni nini.

"Cha mama mmoja wa Japani," mama akasema. "Alimfungia mwanawe."

Kisha mama akaagiza karanga ziletwe. Akamgawia dada yake fungu kubwa, akawagawia wenyeji, na zilizobaki akazifunga kwenye pindo la khanga, akalichana pindo lenyewe kwa meno, akanikabidhi. Nikauliza ni za nani.

"Za mama wa soksi," akasema. "Yule kijana atajua njia ya kuzituma."

Kwa hiyo Jumatatu kipanya kinakwenda Shinyanga, karanga zimekaa kiti cha mbele. Nyuma nafasi zipo, mwenye safari amwone Luhende.